Mfumaji Atazama Moyo Wake

Siku ya nne tangu kifua kinibane kwenye foleni ya mkate,
Radosław ananilaza ubavu wa kushoto,
mkono chini ya kichwa, kama mtoto aliyechoka kulia.
"Samahani, ni baridi," asema, akinipaka ute kifuani.
Baridi? Mwanangu, miaka thelathini na mmoja
nilisimama kiwandani, dirisha la tatu halina kioo,
na pamba ikituingia puani kama theluji ya pili.

Mshipa wameuzibua. Nimeambiwa mara tatu.
Daktari Wieczorek alinionyesha picha
akiwa na furaha ya fundi bomba:
kimrija cha waya kimekaa, damu inateremka.
"Njia kuu i wazi, Bi Bogumiła."
I wazi, sawa.
Lakini mimi nimefuma.
Nimeona mtande umekaza, kila uzi mahali pake,
na bado nguo ikatoka na tundu.

Sindano mkononi.
Ni povu, anaeleza, bila kuondoa macho kwenye kioo:
viputo vya gesi, kila kimoja na kanzu yake ya mafuta,
vidogo kuliko chembe ya damu.
Hupita panapopita damu, na isipopita havipiti.
"Havidanganyi," asema.
"Hata mizani ya kiwanda ilidanganya," namjibu.
Anacheka kidogo. Ana kikohozi cha mvutaji.

Kioo kinawaka.
Chumba cha kulia kinajaa maziwa, kisha cha kushoto,
kisha, taratibu, kama chai inavyopanda
ndani ya kipande cha sukari ulichokishika kwa kucha,
ukuta wenyewe, nyama yenyewe, inaanza kung'aa.
Miaka sabini na miwili naibeba,
leo ndipo tunajuana.

"Sasa atapasua," asema muuguzi.
Mmweko mmoja, na viputo vyote vya ukutani vimekwisha.
Sikusikia kitu. Nilidhani ningesikia.
Giza.
Radosław anahesabu mapigo kwa midomo tu:
moja,
mbili, na pembeni weupe unachungulia,
tatu, juu pamejaa, nyuma pamejaa,
nne,
tano,
na huku nchani, moyo unapochongoka,
pamebaki peusi.
Sita.
Ukubwa wa kifungo cha koti.
Saba.

Hakuna anayesema.
Naujua ukimya huu. Ni wa Halina, mkaguzi wetu,
kiganja chake kikiteleza juu ya kitambaa
mita kumi, mita ishirini,
halafu kikasimama.
Hakugombeza. Alitoa chaki akazungushia.

"Mkubwa mliufungua," nasema.
"Ndiyo."
"Vidogo havikupata habari."
Anavuta pumzi. "Baadhi yao. Bado."

Mji huu wetu jina lake maana yake ni mashua,
na mito yake imezikwa chini ya lami.
Mgeni hupita barabara ya Piotrkowska toka mwanzo hadi mwisho
asijue kuna maji yanahangaika gizani chini ya viatu vyake.
Mimi nilijua kwa sababu kuta za kiwanda
zilikuwa na unyevu hata Julai.

"Rudia," namwambia.
Anamtazama muuguzi. Anarudia.
Mmweko. Giza. Moja, mbili, tatu.
Safari hii sitazami katikati ya kifungo,
natazama ukingo wake, pale ambapo fundi
huanzia kutia kiraka.
Saba, nane,
na pigo la tisa kijivu kinaingia,
chembamba, cha kuombaomba,
kama uzi wa mwisho wa gurudumu la mwisho la zamu ya usiku.
"Umekiona?" nauliza.
Hajibu. Anapima, anaandika tarakimu,
anapima tena palepale.

Nimepewa taulo nijifute ute.
La hospitali, limefuliwa hadi limekonda.
Nimelinyoosha kwenye taa, mazoea:
mshindio umelegea upande mmoja,
nyuzi mbili zimekatika.
Nikamwambia.
"Bado linafaa," akasema, akilipokea.